Waya wa Nakivale Niliouunga Mimi

Kazi ya intaneti niliianza kwa sururu. Watu wanaonikuta siku hizi nimeinamia mashine, miwani usoni, hudhani nilisoma chuo mahali fulani. Sikusoma chuo chochote. Nilichimba mtaro.

Maharage yalikuwa yameshavunwa, jua kali, tukasikia pale senta, penye maduka, kwamba wanatafutwa watu wa kuchimbia waya kutoka Kabingo kuja hadi kwetu Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda. Faiba, ndivyo walivyouita. Nilijiandikisha siku hiyohiyo. Mama aliponiona narudi na sururu begani alicheka mpaka akaweka chini kapu lake.

"Msusi anakwenda kuchimba mitaro," alisema. "Nani atakupa kichwa chake wakati viganja vyako vimeota sugu?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Tulitoka Burundi nikiwa mgongoni mwake. Nakivale ndiko nilikojifunzia kutembea, kusoma na kusuka nywele. Tangu nina miaka kumi na minne nilikuwa nasuka wanawake wa zoni yetu, hasa Jumamosi, ili Jumapili waende misa wamependeza. Nilikuwa na sifa ya mistari iliyonyooka. Lakini kusuka ni kukaa chini ya ukuta uleule kila siku, na mimi nilitaka kwenda mahali, hata kama ni ndani ya mtaro.

Mtaro ulikuwa wa kufika kiunoni. Kila mmoja alipewa kipande chake kwa siku. Mahali pengine udongo ulikuwa laini kama unga wa muhogo, mahali pengine tulikutana na mawe yaliyokuwa yakirudisha sururu usoni. Ng'ombe wenye pembe ndefu walipita juu ya kazi yetu wakabomoa kingo, tukaanza upya. Wapita njia walisimama kutuuliza ni maji au ni umeme. Tukiwaambia ni intaneti, walitazama ndani ya shimo tupu, wakatutakia kazi njema, wakaendelea na safari.

Aliyesimamia kazi ile alikuwa mfanyabiashara wa Nyamityobora, kule Mbarara, mtu mzima mwenye ndevu zilizopakwa hina. Wote tulimwita Hajji. Zamani aliuza na kufunga madishi ya televisheni. Kampuni ya waya ilipohitaji mtu wa kuulaza upande wetu, ikampa yeye. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Uganda, cha dukani na barabarani, kisichojisumbua na sarufi, na mtu akimcheka alicheka naye.

Kila baada ya kilomita kadhaa waya mmoja uliishia na mwingine ukaanzia. Hapo Hajji alisimamisha hema dogo juu ya shimo, akanawa mikono kama mtu anayekwenda kuswali, akaingia na kufunga mlango. Sisi wa nje tulikatazwa kutimua vumbi. Mara ya pili sikuvumilia. Nilichungulia. Akaniona.

"Wewe nataka nini?"

"Nataka kuona, Hajji."

"Kuona iko bure. Ingia. Lakini usipumua."

Ndani alikuwa ameuchuna waya mweusi, unene wa kidole gumba. Ndani ya waya mlikuwa na vifereji vya plastiki, na ndani ya kila kifereji nyuzi za rangi, nyembamba kiasi kwamba mwanzoni niliona rangi tu, sikuona nyuzi. Alikwangua rangi ya mmoja. Kilichobaki kilikuwa kioo, chembamba kama unywele. Alichukua ncha mbili, akazikata, akazilaza ndani ya mashine ndogo, zikaonekana kwenye skrini zimekuzwa kama magogo mawili yanayotazamana. Mashine ikatoa cheche. Magogo yakawa gogo moja. Kisha ikaandika namba, na Hajji akasonya.

"Mbaya. Rudia."

Alirudia, ikawa mbaya tena. Ya tatu vilevile. Macho yake yalikuwa yamechoka na vumbi.

"Hajji," nikasema, "huo wa kulia ncha yake imekatika mshazari."

Akasogeza uso kwenye skrini. Akaukata upya ule wa kulia, akaulaza, cheche ikapiga, na safari hii hakusonya.

"Wewe nafanya kazi gani nyumbani?"

"Nasuka nywele."

"Lete mikono." Aliigeuza, akatazama malengelenge. "Hii leo ni mikono ya sururu. Wiki moja usishika sururu. Halafu kuja Mbarara."

Nilikaa Nyamityobora miezi mitatu, wenzangu wakimalizia mtaro, katika chumba cha uani nyuma ya duka lake. Mkewe alinipa kitanda cha binti yao aliyeolewa na akanichukulia kama ndiye. Mchana nilivunja kioo. Sina namna nyingine ya kuieleza kazi ya mwanafunzi wa faiba: unavunja kioo, unavunja tena, na vipande vyake visivyoonekana vinaingia kwenye vidole. Mke wa Hajji alikuwa akinikalisha barazani, ananigandisha utepe wa gundi kwenye ncha za vidole na kuunyofoa, huku akimlaumu mumewe kwa sauti ya kumfikia huko dukani.

Nilijifunza rangi kwa mpangilio wake: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano, zambarau, waridi, feruzi. Nilizikariri kama rozari. Hajji akipita kwenda msikitini alinichomekea swali bila kusimama.

"Namba nane?"

"Nyeusi, Hajji."

"Kumi na moja?"

"Waridi."

Mashine ilipima ni kiasi gani cha mwanga kinapotea kwenye kila ungio, na kampuni ilikuwa imeweka kiwango ambacho mtu hapaswi kukivuka. Hajji alikuwa na chake. "Kampuni nataka hii," alisema. "Mimi nataka nusu yake. Wewe nafanya ya kwangu." Ungio lililokuwa zuri kwa kampuni, yeye alilikata na mkasi mbele ya macho yangu. Siku za mwanzo nililia. Baadaye nilianza kuyakata mwenyewe kabla hajafika.

Siku moja nilimuuliza mwanga ule unakwenda wapi ukishapita kwetu. Alichana boksi la dishi, akachora kwa kalamu ya duka: Nakivale, Kabingo, Mbarara, Kampala, mpaka wa Kenya, Mombasa. Kisha kalamu ikatoka nchi kavu, ikaendelea.

"Hapo si bahari, Hajji?"

"Bahari. Waya nashuka chini kabisa, nalala kwa mchanga. Naenda Arabuni, naenda Ulaya."

Maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona ni ziwa letu la Nakivale, lenye viboko. Nilijaribu kuwaza waya umelala chini ya maji yasiyo na ng'ambo.

"Na ndani ya huo wa baharini kuna nini?"

"Kioo tu. Kama hii yako."

Niliutazama uzi uliokuwa kidoleni mwangu, nikauweka chini taratibu.

Kutoka Kabingo hadi kwetu kulikuwa na maungio kumi na mawili. Mawili ya kwanza aliyafanya Hajji. Kumi yaliyobaki aliniachia mimi, akakaa nje ya hema kufukuza ng'ombe na vumbi. Kila nilipofunga boksi la maungio alinipa kijikaratasi cha kuweka ndani: namba ya ungio, tarehe, na herufi za jina langu. "Andika," alisema. "Kama iko mbaya, tujue nani. Kama iko mzuri, tujue nani."

Waya uliingia Nakivale na kuishia katika chumba cha kompyuta cha Mkongomani mmoja kutoka Kivu. Kwao alikuwa akifundisha hisabati, na hapa kila mtu, hata wazee, alimwita Mwalimu. Alikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, watu wazima, wanaosoma na chuo cha mbali kupitia kompyuta. Kabla ya waya walitegemea mnara wa simu; siku ya mawingu walipanda kilimani na kompyuta zao wamezifunika kwa kanga. Siku tuliyounganisha, taa ndogo ya kijani iliwaka kwenye kisanduku ukutani, na Mwalimu akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada, umetuletea dunia mu nyumba."

Mtu wa kwanza niliyemwita alikuwa mama. Dada yake alibaki Burundi, na kwa miaka yote ile walikuwa wakisikilizana sauti tu, tena ya kukatikakatika. Uso wa mama mdogo ulipotokea kwenye skrini, umetulia, hata kovu la nyusi linaonekana, mama alimkagua kutoka kipaji hadi kidevu. Kisha akasema, "Umezeeka, wewe." Mama mdogo akamjibu, "Na wewe je, nani kakudanganya?" Wakacheka wakalia. Mama hakunisifu. Lakini tangu siku hiyo mtu akimuuliza bintiye anafanya kazi gani, hakusema tena kusuka.

Mwaka ukapita na miezi. Kisha ikaja Jumanne moja asubuhi. Nilikuwa nyumbani naanika nguo, nikamwona Mwalimu anakuja mbio, yeye ambaye hakimbii, na nyuma yake watu.

"Dada, waya yako imekufa. Tangu asubui hakuna kintu inafunguka. Na Alhamisi banafunzi bangu bako na mtihani!"

Wanafunzi wake kumi na mmoja walikuwa na mtihani wa mwisho wa mwaka, wote kwa wakati mmoja, kwa kompyuta. Asiyeufanya angesubiri mwaka mzima. Kinyozi alikuwepo, mwenye kibanda cha sinema alikuwepo, na alikuwepo mama mmoja jirani niliyekuwa nimemsuka wiki ileile. Ndiye aliyesema kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa wakikisema chini chini.

"Si kazi waliipa msusi? Waya si rasta."

Nilikwenda chumba cha kompyuta nikatazama ukutani. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Uzi ukikatika, taa ile inazimika. Nilimpigia Hajji kumweleza, lakini alikuwa ameshapigiwa na mwingine. Mhandisi wa kampuni, aliyekaa Kampala na hajawahi kufika kwetu, alikuwa amemwambia kwamba watu wa Nakivale wamelalamika, na bila shaka ni maungio ya yule mkimbizi. Kesho yake atatuma mafundi wake wayakate yote kumi.

"Binti," Hajji alisema kwenye simu, "yeye nasema ni mkono yako."

"Na wewe Hajji unasemaje?"

Nilisikia funguo za gari zikilia mkononi mwake.

"Mimi nasema tupime."

Kabla ya adhuhuri gari lake lilikuwa mlangoni. Alikuja na kile kipimo kinachotuma mwanga ndani ya uzi na kusikiliza mwangwi wake ukirudi. Kinachora mstari kwenye skrini, na kila penye ungio mstari unashuka kidogo, kama ngazi. Ungio zuri ni ngazi ndogo. Ungio bovu ni shimo. Ukikatika, mstari unaishia hapo.

Nilichomeka mwenyewe. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Mstari ulianza kujichora, na Hajji akaufuata kwa kidole, akihesabu kwa sauti kutoka kwetu kwenda Kabingo: kumi na mbili, kumi na moja, kumi. Ngazi zangu zilikuwa ndogo mpaka ilibidi akuze picha ili azione. Alifika namba tatu, ungio langu la kwanza. Akafika namba mbili, la kwake, na kidole kikasimama.

"Hii ya kwangu," alisema polepole, "iko mbaya kuliko zako zote."

Akaangua kicheko, mzee wa watu, mpaka akafuta macho kwa kilemba. Mstari ulikuwa umeendelea hadi Mbarara, mzima, bila shimo.

Basi ugonjwa ulikuwa wapi? Ni Mwalimu aliyetupa njia, bila kujua. Alikuwa pembeni akiendelea kujaribu kurasa moja moja.

"Ajabu," alisema. "Ile ya gazeti ya Kampala inafunguka mbio. Ile ya fasi ya mbali, hapana hata."

Nilimwambia ajaribu nyingine ya Kampala. Ikafunguka. Ya Ulaya, ikazunguka tu. Kichwani nikaliona lile boksi la dishi na kalamu ya Hajji ikitoka Mombasa kuingia majini.

"Hajji," nikasema, "kama Kampala inafika na Ulaya haifiki, waya wetu mzima, na wa Kampala mzima. Kilichokatika kiko mbele ya Kampala. Mpigie mhandisi muulize baharini kuna nini."

Alipiga mbele yetu sote. Mhandisi alisikiliza, akasema atapiga tena. Hakupiga mpaka alasiri, kusema mafundi wake hawaji tena, na wakati huo redio ilikuwa imeshatangaza: nyaya mbili za chini ya bahari zimekatika, mbali huko, na nchi nyingi za upande wetu zimebaki zikigombania nyaya chache zilizosalia. Meli ya matengenezo ilikuwa bado haijang'oa nanga.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Watu wa nchi kadhaa walikuwa wamekwama, nami nilikuwa nyuma ya chumba cha kompyuta nimeegemea ukuta, natabasamu peke yangu. Kisha nikawakumbuka wale kumi na mmoja, nikaona haya.

Pale senta hawakuamini. Kutoka kwetu hadi baharini ni nchi mbili. Samaki wa huko atazuiaje sinema ya hapa? Mwalimu akanisukuma mbele ya ubao wake. Nilichukua chaki nikachora ile njia yote, kutoka chumba kile hadi sakafu ya bahari. Wazee wawili waliokuwa wamekaa mbele walivua kofia zao. Nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya watu wazima wakaninyamazia. Nilipomaliza, yule mama jirani aliinua mkono.

"Kwa hiyo si wewe?"

"Si mimi."

"Haya. Jumamosi nakuja unisuke."

Ilibaki Alhamisi. Kampuni ilisema kila eneo litapewa njia kidogo tu ya kutokea nje hadi meli imalize kazi. Kwenda Mbarara kusingesaidia, kwa sababu huko nako njia ilikuwa nyembamba. Mwalimu alijaribu kufungua kompyuta tatu pamoja, zikakwama zote; kijia kilikuwa kimejaa watu wa Nakivale wenyewe, wanaotazama mpira, wanaopakua sinema, wanaosali na ndugu walio ng'ambo.

"Tuwaombe watu watupishe," nilisema. "Masaa matatu tu. Wote wazime."

"Batu ni mingi sana, dada. Nani ataitika?"

Hata mimi sikujua. Lakini Jumatano asubuhi nilianza na kinyozi, kwa sababu alikuwa karibu. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mpwa wake alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Mama akajifunga kitenge akanifuata bila kuombwa. Kwa Warundi aliongea yeye, kwa Kirundi, na maneno yake yalikuwa mafupi. "Masaa matatu. Mlikaa miaka mingapi bila hicho kitu, na mnapumua?" Watu walicheka, na mtu akishacheka na mama hawezi tena kumkatalia. Mwalimu alichukua Wakongomani. Katekista alitangaza baada ya misa ya asubuhi. Hajji alikuwa na biashara na Wasomali wa pale senta. Alizungumza nao msikitini, nao wakawaambia wateja wao.

Aliyekataa ni mwenye kibanda cha sinema. Alisema amelipia, na mtihani si wa kwake. Mama alikaa mlangoni pake muda mrefu. Hakugombana naye, alikaa tu. Tuliondoka bila jibu.

Alhamisi, saa tatu kasoro, wanafunzi walikuwa wameshakaa. Mwalimu alikuwa amepiga pasi suti. Nilikaa kwenye kigoda chini ya kisanduku, macho kwenye ile taa, kana kwamba kuitazama kungeisaidia. Mara nikasikia mama anacheka nje. Mwenye kibanda cha sinema aliingia amebeba kwapani kisanduku chake cha intaneti, nyaya zinaning'inia, akakiweka juu ya meza ya Mwalimu.

"Kikae hapa mbele ya macho yenu," alisema. "Msije mkasema nimewasha."

Kisha karatasi ya mtihani ikaanza kushuka kwenye skrini, mstari kwa mstari, polepole kama asali. Lakini ilishuka. Kwa wote kumi na mmoja. Nje, senta nzima ilikuwa imetulia kwa namna ambayo sijawahi kuisikia tena: hakuna mpira, hakuna muziki wa simu, ni kuku tu, na mama akiwafukuza. Vinyozi walikaa vibarazani mwao mikono mitupu, wakitazama upande wetu.

Tisa walimaliza na kutuma. Wawili walikatika dakika za mwisho, mmoja wao mama wa watoto wawili ninayemsuka, na alilia huku ameshika kompyuta kwa mikono yote miwili. Mwalimu aliandika barua ndefu kwa chuo, akaeleza yote, na baada ya majuma kadhaa wawili hao waliruhusiwa kurudia. Walifaulu. Katika wale tisa, mmoja alishindwa. Alisema mwenyewe kwamba kosa halikuwa la bahari.

Meli ilipomaliza kazi na njia ikapanuka, Mwalimu alitafuta picha za jinsi wanavyotengeneza. Tulikaa watatu, mimi, yeye na mama. Tuliona mabaharia wakiuvuta waya kutoka majini, unachuruzika, umeota magugu. Kisha picha ikaingia chumba kidogo ndani ya meli, cheupe, safi, na mtu mwenye glavu ameinama. Alichuna, akafuta kwa spiriti, akakata, akalaza ncha mbili kwenye mashine. Niliijua mashine ile. Niliijua hata namna alivyozuia pumzi. Mama alisogea karibu na skrini, akamtazama sana.

"Huyu ndiye mliyekuwa mkimngojea muda wote ule?" aliuliza kwa Kirundi. "Anachelewa. Wewe hufanya haraka kuliko huyu."

Nilimweleza kwamba mtu yule yuko juu ya mawimbi, na waya wake unabeba nchi nzima nzima. Hakubadilisha maneno.

Yule mhandisi wa Kampala alikuja mwenyewe miezi miwili baadaye, kukagua. Tulisimama naye kwenye chemba ya ungio namba saba, njiani, migomba huku na huku. Alifungua boksi, akatazama nyuzi zilivyokunjwa, akazitazama tena, kisha akachomoa kile kijikaratasi.

"Herufi hizi ni za nani?"

"Ni huyu iko mbele yako," Hajji alisema.

Mhandisi alinitazama. Sikuinamisha macho. Akarudisha karatasi mahali pake, akafunga boksi vizuri, akafuta mkono kwenye suruali na kunipa.

"Nilikosea," alisema. "Nilisema bila kupima."

"Ndiyo," nilimjibu. Hajji alikohoa, lakini sikuwa na neno jingine la kumwongezea.

Kazi ya waya wa kwenda mji wa Endiinzi ilipoanza, jina langu liliandikwa juu kabisa, fundi mkuu wa maungio, na Hajji akawa wa kufukuza ng'ombe, kazi ambayo kule ni kubwa kuliko zote. Siku ya kwanza mfugaji mmoja, fimbo mabegani, alisimama kando ya hema akamuuliza Hajji kwa adabu kama yeye ndiye fundi, maana anataka kujua lini intaneti itafika kwake. Hajji alinyosha mkono kuelekea hemani. Nilitoa kichwa nje, miwani usoni, uzi wa feruzi kidoleni.

"Ijumaa," nikamwambia. "Ng'ombe wako wakikaa mbali."

Alicheka, akawapigia mluzi, wakaanza kuondoka mmoja mmoja.